Tangazo la faragha kwenye basi au treni: mwongozo kamili wa kulipima kabla hujatoa hela

Ukipanda treni au basi kwenye jiji kubwa siku hizi usishangae ukikaa umetazamana na bango linalokwambia kuna mtu anakuchungulia kwenye simu yako. Kampuni za VPN (huduma inayopitisha intaneti yako kwenye seva zao kwanza), brauza zisizofuatilia watu, email zinazofungwa wengine wasizisome, huduma za kulinda utambulisho, wote hao wananunua nafasi kwenye mabehewa, kwenye vituo na kwenye migongo ya mabasi. Na wana sababu, manake kampuni inayouza faragha ikianza kukuwinda mtandaoni kwa kutumia data zako itakuwa inajiumbua yenyewe, wakati bango la kwenye behewa halijui we ni nani, linaonwa na wote sawasawa, halina haja ya kujua jana ulitafuta nini. Mimi naona kati ya njia zote za kutangaza hiyo ndo yenye heshima zaidi.

Mchezo huu una miaka. Mwaka 2011 DuckDuckGo, mtafutaji wa mtandaoni kama Google ambayo wakati huo ilikuwa kampuni ndogo sana, iliweka bango San Francisco lenye ujumbe kwamba Google inakufuatilia, sisi hatukufuatilii. Walilipa dola 7,000 kwa wiki 4, magazeti yakaliandika bango lenyewe, na tangu hapo kila kampuni ya faragha imeelewa kwamba ubao mmoja barabarani ukiwa na maneno makali unaweza kufika mbali kuliko barabara yenyewe. Mullvad, kampuni ya VPN ya Sweden, nao wamebandika matangazo kwenye usafiri wa umma wa miji ya Marekani.

Ila bango kuwa la heshima ni kitu kimoja na maneno yake kuwa kweli ni kitu kingine kabisa. Kwahiyo hapa chini nimeweka hatua za kulipima tangazo la namna hiyo, zingine unazifanya hapohapo umekaa kwenye siti na zingine ukifika nyumbani. Ukiwa na haraka soma ya 3 na ya 5, hizo ndo zenye uzito.

Hatua ya 1: Piga picha, usiskani

Bango lina kodi ya QR, mkono unawasha, unataka uskani. Acha. Kwanza stika ya QR mtu yeyote anaweza kuichapisha na kuibandika juu ya ile ya kweli, na imeshatokea: mwishoni mwa 2021 na mwanzoni mwa 2022 watu waliokuwa wanalipia maegesho San Antonio na Austin, Texas walikuta stika feki zinazowapeleka kwenye tovuti za kuiba kadi zao, mpaka FBI ikatoa onyo Januari 2022. Sasa fikiria behewa ambalo maelfu wanapita kila siku, nani anakagua stika?

Pili, hata QR ikiwa ya kweli mara nyingi imebeba alama ya kuwaambia umetokea bango lipi, kituo gani, kampeni ipi. Sio dhambi, kampuni lazima ijue hela yake imefanya kazi. Lakini angalia kilichopo kwenye hiyo linki kabla hujaifungua, maana kamera ya simu huonyesha anwani kwanza. Kama kampuni inayojisifu haifuatilii mtu inakupitisha kwenye anwani ndefu yenye jina la kampuni ya tatu katikati, tayari umepata swali la kwanza la kuwauliza. Neno fupi la kuandika upate punguzo ni bora zaidi kwa pande zote mbili, wao wanahesabu na wewe hujaacha chochote.

Kwahiyo piga picha, hakikisha maandishi madogo ya chini yanasomeka (huko ndo wanakoweka vile vinyota vya "masharti yanazingatiwa"), ukifika nyumbani andika jina la kampuni kwenye brauza mwenyewe.

Hatua ya 2: Liandike dai upya kwa maneno yako

Chukua sentensi ya kwenye bango uiandike kama ahadi ambayo unaweza kumshtaki mtu nayo. Nani anaahidi nini, kuhusu data gani, dhidi ya nani. Utashangaa mabango mengi hayavuki hapa, yaani ukishaondoa picha ya jicho na rangi nyeusi hakuna ahadi iliyobaki, kuna hofu tu.

Kuna aina tatu ambazo zinajirudia sana.

Ya kwanza ni hofu. Mwaka 2019 mamlaka ya viwango vya matangazo ya Uingereza, ASA, ililipiga stop tangazo la TV la NordVPN ambalo lilimuonyesha mtu anatembea ndani ya behewa la treni akigawa kadi yake ya benki na taarifa zake kwa abiria wenzake, kwamba hivyo ndivyo unavyofanya ukitumia waifai ya umma. ASA wakasema linakuza hatari, kwa sababu tovuti nyingi tayari zinatumia HTTPS ambayo inafunga mawasiliano kati yako na tovuti. Nitalirudia hili kwenye hatua ya 3 kwa sababu ndo hofu inayouzwa kuliko zote.

Ya pili ni kujigamba. Hapa hakuna mfano mzuri kama LifeLock, kampuni ya Marekani ya kulinda utambulisho. Bosi wao Todd Davis alitangaza hadharani namba yake halisi ya hifadhi ya jamii (ambayo kule mwizi akiipata anaweza kujifanya wewe), hadi ikachorwa ubavuni mwa lori, kuonyesha kwamba huduma yake inalinda kiasi kwamba hata ukiijua namba huwezi kumfanya kitu. Ikaja kuripotiwa kwamba utambulisho wake uliibiwa angalau mara 13. Mwaka 2010 tume ya biashara ya Marekani, FTC, pamoja na majimbo 35 wakamalizana na kampuni hiyo kwa dola milioni 12 kwa matangazo ya uongo, na 2015 wakarudi tena, safari hii dola milioni 100 kwa kukiuka yale waliyokubaliana mwanzo. Ukiona tangazo linajigamba kwa ushujaa wa mtu mmoja, kumbuka lile lori.

Ya tatu ni kauli tamu isiyopimika. Januari 2019 Apple walifunika ukuta wa hoteli Las Vegas kwa bango linalosema yanayotokea kwenye iPhone yako yanabaki kwenye iPhone yako. Kabla mwezi huo haujaisha ikagundulika hitilafu kwenye FaceTime ya kundi, unayempigia unaanza kumsikia kabla hajapokea. Halafu Julai mwaka huohuo ikaripotiwa kwamba wafanyakazi wa nje walikuwa wanasikiliza vipande vya sauti za Siri, Apple wakaomba radhi mwezi uliofuata. Sisemi simu yenyewe ni mbovu, kwenye mambo mengi ya faragha wako mbele, nachosema ni kwamba "yanabaki kwenye simu yako" ni sentensi kubwa kuliko kitu chochote ambacho kampuni yoyote inaweza kukitimiza.

Kuna na msemo wa usimbaji (kufunga data isisomeke) wa kiwango cha jeshi. Huo upite tu. Mara nyingi wanamaanisha AES-256, ambayo ni kiwango cha wazi kilichopitishwa na taasisi ya viwango ya Marekani mwaka 2001 na kipo kwenye simu yako, kwenye benki yako na kwa washindani wao wote.

Hatua ya 3: Uliza, hii inanilinda na nani hasa?

Hapa kaa kidogo. Watu wengi wananunua VPN kwa tatizo ambalo VPN hailigusi, halafu wanaishi na amani ya bure.

Ukiwa hauna VPN, mwenye waifai ya kituoni au kampuni yako ya intaneti anaona unaenda tovuti gani (kwa kawaida jina la tovuti, kama bank fulani au gazeti fulani) lakini kama tovuti ina HTTPS haoni unachoandika wala ukurasa uliofungua. Ukiwasha VPN, hao wawili wanaona tu kwamba umeunganishwa na VPN. Na kampuni ya VPN sasa ndo inayoona yale waliyokuwa wanayaona wao. Umebadilisha mlinzi wa geti, geti ni lilelile. Kama mlinzi wa zamani ndo alikuwa mmbea basi umefanya la maana sana, kama mpya ndo mmbea zaidi umelipia kuharibikiwa.

Sasa linganisha na wale unaowaogopa kweli:

Unaogopa Facebook, Google na TikTok kujua unachofanya? Umeshaingia kwa akaunti yako, wanakujua kwa jina, VPN haibadilishi kitu zaidi ya kuficha mahali ulipo, na hapo pia kama programu ina ruhusa ya GPS wala haihitaji IP yako (namba ya muunganisho wako wa intaneti). Dawa hapo ni brauza inayozuia vifuatiliaji na kupunguza ruhusa za programu.

Unaogopa kutapeliwa, mtu akutumie linki feki uweke paswodi? VPN itakupeleka kwenye tovuti ya tapeli kwa usalama kabisa, imefungwa vizuri njia nzima. Dawa ni programu ya kutunza paswodi na uthibitisho wa hatua mbili.

Unaogopa data zako kuvuja kwenye kampuni uliyojisajili? Seva yao ikivamiwa huwa hakuna kitu upande wako kinachoweza kuzuia. Tumia paswodi tofauti kila mahali.

Unaogopa kampuni ya intaneti, mwajiri mwenye waifai, au serikali inayofunga tovuti? Hapo VPN ina kazi. Na pia unapotaka tovuti isijue upo wapi.

Kuhusu ile hofu ya "hacker kwenye waifai ya kituoni", ilikuwa ya kweli kabisa enzi zake. Oktoba 2010 ilitoka nyongeza ya Firefox iitwayo Firesheep ambayo mtu yeyote asiye na ujuzi angeweza kukaa kwenye mgahawa na kuingia Facebook za watu wa meza jirani, kwa sababu tovuti kubwa wakati huo zilikuwa hazifungi mawasiliano baada ya kulogin. Ndo kelele zile zilisukuma tovuti kuhamia HTTPS, halafu shirika la Let's Encrypt likaanza kutoa kwa umma vyeti vya bure vya HTTPS mwishoni mwa 2015 na mambo yakabadilika kwa kasi. Leo hata FTC yenyewe inawaambia wananchi kwamba waifai ya umma kwa kawaida ni salama kwa sababu ya usimbaji huo. Mabango mengi bado yanauza hofu ya 2010 na ndo maana nasema uliza "na nani", wala usiulize "je nina wasiwasi", kwa sababu wasiwasi utakuwa nao tu, bango limetengenezwa kukupa huo.

Hatua ya 4: Fuata hela

Jua nani mwenye kampuni na anakula wapi. Ukurasa wa "kuhusu sisi" haukutoshi, tafuta jina la kampuni mama.

Kama ni ya bure, swali ni kali zaidi. Facebook waliinunua kampuni ya Onavo mwaka 2013, programu yake ya VPN ikawa inatangazwa kama kinga ya data zako, kumbe ilikuwa inawapelekea Facebook taarifa za programu gani watu wanatumia. Iliondolewa App Store 2018, ikafungwa 2019, na Julai 2023 mahakama ya Australia ikazitoza kampuni tanzu mbili za Meta (jina jipya la kampuni ya Facebook) dola milioni 20 za Australia kwa kuwapotosha watumiaji. Avast nao, watu wa antivairasi, walikuwa wanasema wanazuia kufuatiliwa huku kampuni yao tanzu Jumpshot inauza historia za kuvinjari za wateja, na Februari 2024 FTC ikawatoza dola milioni 16.5 na kuwapiga marufuku kuuza data za kuvinjari kwa ajili ya matangazo. Hizi hazikuwa kampuni za uchochoroni, ni majina ambayo mama yako analijua mojawapo.

Ya kulipia nayo isikulevye. Kape Technologies, kampuni inayomiliki VPN kadhaa, zamani iliitwa Crossrider, jina ambalo watu wa usalama walilizoea kwenye habari za programu sumbufu za matangazo, ikabadili jina 2018. Imenunua CyberGhost (2017), ZenMate (2018), Private Internet Access (2019) na ExpressVPN (2021, kwa dola milioni 936). Halafu 2021 hiyohiyo ikainunua kampuni inayomiliki vpnMentor, tovuti inayowapanga VPN kwa ubora. Yaani unasoma uhakiki wa "VPN 10 bora" na mwandishi na mshindi wana baba mmoja. Hilo peke yake halithibitishi kwamba huduma ni mbaya lakini uhakiki huo ufute kabisa kwenye ushahidi wako, na tovuti za uhakiki zenye linki za kamisheni zifute pamoja nao.

DuckDuckGo ni mfano mzuri wa katikati. Wanaishi kwa matangazo ya kwenye matokeo ya utafutaji, yanayotokana na neno ulilotafuta na siyo na wewe ni nani, na matangazo hayo yanatoka Microsoft. Mei 2022 mtafiti mmoja akagundua brauza yao ya simu ilikuwa haizuii baadhi ya vifuatiliaji vya Microsoft kwenye tovuti nyingine, sababu ikiwa mkataba. Agosti mwaka huo wakasema wameanza kuvizuia. Mimi bado naitumia kutafuta, ila ona jinsi tundu lilivyotokea palepale hela inapoingilia, wala halikutokea pengine.

Hatua ya 5: Tafuta siku waliyobanwa

Hii ndo hatua ninayoiamini kuliko zote. "Hatuhifadhi kumbukumbu" (yaani rekodi za nani aliunganishwa lini na alifanya nini) ni sentensi inayoandikwa na kila mtu, ila inapimwa siku polisi wanapogonga mlango au siku seva inapoachwa wazi. Andika jina la kampuni kwenye mtafutaji pamoja na maneno kama mahakama, polisi, uvujaji, na usome kilichotokea.

Waliopita mtihani: FBI walipoiandikia Private Internet Access kwenye kesi ya 2016, hawakupata cha maana cha kumfunga mtu. Uturuki walichukua seva ya ExpressVPN walipokuwa wanachunguza mauaji ya balozi wa Urusi Andrei Karlov ya Desemba 2016, hawakukuta kumbukumbu za kuwasaidia. Aprili 2023 polisi wa Sweden walifika ofisi za Mullvad Gothenburg wakiwa na kibali cha kuchukua kompyuta zenye data za wateja, wakaelezwa hizo data hazipo, wakaondoka mikono mitupu. Na Signal, ambayo ni ya ujumbe na siyo VPN, ilipopewa hati ya mahakama Marekani 2016 ilichoweza kutoa ni tarehe akaunti ilipofunguliwa na mara ya mwisho ilipounganishwa, basi.

Walioanguka: PureVPN ilikuwa inatangaza haihifadhi kumbukumbu, 2017 nyaraka za kesi Marekani zikaonyesha kumbukumbu zake zimesaidia FBI kumpata mtuhumiwa. (Mtuhumiwa alikuwa anamtesa mtu mtandaoni na sioni huruma naye, lakini tunazungumzia ahadi hapa.) UFO VPN, nayo ya "hakuna kumbukumbu", 2020 ikakutwa imeacha wazi hifadhidata yenye anwani za IP na hata paswodi zisizosimbwa.

Na kuna wa katikati, ambaye ndo anafundisha zaidi. Proton, kampuni ya email ya Uswisi, ilikuwa imeandika kwenye tovuti kwamba kwa kawaida haihifadhi kumbukumbu za IP. Septemba 2021 ikajulikana kwamba ililazimishwa na amri ya Uswisi, iliyoombwa na upande wa Ufaransa, kuanza kurekodi IP ya mwanaharakati mmoja wa mazingira, na akakamatwa. Maudhui ya email hayakutoka kwa sababu wenyewe hawawezi kuyasoma. Baada ya hapo wakabadilisha maandishi ya tovuti. Ukisoma tena lile dai la zamani utaona neno "kwa kawaida" lilikuwepo muda wote, halikuwa uongo, ila nani huwa anasoma neno hilo?

Kwahiyo ukishasoma hizo habari gawa ahadi za bango lako mafungu mawili. Kuna "hatufanyi", maana yake tunaweza ila tumeamua kuacha. Na kuna "hatuwezi", maana yake mfumo umejengwa data isiwepo au isisomeke. La kwanza linabadilika kwa amri ya mahakama, kwa mmiliki mpya, au kwa mfanyakazi mmoja mwenye tamaa. La pili nalo halina uhakika wa milele lakini kulivunja inabidi mfumo ujengwe upya. Kampuni ikikuuliza jina, email, namba ya simu na kadi kabla haijakupa huduma ya "faragha" we jiulize hivo vyote vinaenda fungu gani. Mullvad kwa mfano wanakupa namba ya akaunti bila kuuliza email, bei ni yuro 5 kwa mwezi tangu 2009, na unaweza hata kutuma pesa taslimu kwenye bahasha.

Hatua ya 6: Ukaguzi, kwa haraka

Wakisema wamekaguliwa na kampuni huru, angalia vitu vitatu: ripoti unaweza kuisoma nzima au ni logo tu, ilikagua nini (programu ya simu na seva ni vitu tofauti), na ya mwaka gani. Ukaguzi ni picha ya siku moja. Maandishi ya ndani ya programu (source code) yakiwa wazi kwa yeyote kuyasoma ni nyongeza nzuri ila hayakuonyeshi kinachotokea kwenye seva.

Hatua ya 7: Angalia na ubao wenyewe

Hiki kichekesho watu hawakioni. Bango linalokwambia usifuatiliwe linaweza kuwa limetundikwa kwenye mfumo unaokufuatilia, na kampuni iliyotangaza haihusiki kabisa, imekodi nafasi tu.

São Paulo, mwaka 2018, kampuni ya ViaQuatro inayoendesha laini ya 4 ya metro iliweka milango ya jukwaani yenye skrini za matangazo na kamera zinazokadiria jinsia, umri na hisia za abiria wanaotazama. Taasisi ya kutetea walaji, Idec, ikaenda mahakamani, kamera zikaamriwa kuzimwa Septemba mwaka huohuo na 2021 ikatoka hukumu ya fidia. London mwaka 2013 kulikuwa na mapipa ya taka yenye skrini za matangazo yaliyokuwa yanasoma utambulisho wa waifai wa simu za wapita njia, mpaka uongozi wa City, eneo la katikati ya London, ukaagiza yaache. Na shirika la usafiri la London lilijaribu 2016 kwa wiki 4 kwenye vituo 54 kukusanya data za waifai kujua watu wanapita njia zipi, kisha Julai 2019 likaanza rasmi, likiwa limebandika matangazo ya kuwaarifu watu na kusema data haibebi utambulisho.

Unachoweza kufanya ni kidogo lakini kinafaa. Zima waifai na bluetooth ukiwa hutumii, na uzime kweli kwenye setingi, kwa sababu kwenye iPhone kile kitufe cha kuvuta chini kinakata muunganisho tu. Simu ikiwa na Android 10 au iOS 14 kwenda mbele hubadilisha utambulisho wa waifai kwa kila mtandao, hakikisha hukuizima hiyo. Kwenye Android nenda sehemu ya faragha, kisha matangazo, ufute kitambulisho cha matangazo. Kwenye iPhone nenda faragha na usalama, ufuatiliaji, uzime ruhusa ya programu kuomba kukufuatilia. Hicho kitambulisho ndo kinachotumika sana kuunganisha mahali simu ilipopita na bango lililokuwepo hapo, kwahiyo kufuta ni dakika moja yenye faida kuliko VPN nyingi.

Hatua ya 8: Ukiamua kujaribu

Lipa mwezi mmoja, usidanganyike na ofa ya miaka miwili yenye saa inayohesabu kurudi nyuma, ile saa ukirefreshi ukurasa mara nyingi inaanza upya na hiyo pekee inakwambia kampuni ikoje. Jisajili kwa email ya pembeni. Zima kujilipisha kwenyewe siku hiyohiyo.

Ukishaweka, kabla ya kuiwasha fungua tovuti yoyote ya kuonyesha IP yako uiandike, halafu washa uangalie imebadilika, fanya na kipimo cha uvujaji wa DNS uone kama majina ya tovuti bado yanapitia kampuni yako ya intaneti. Kisha jaribu ubaya: VPN ikiwa imewashwa, hama kutoka waifai kwenda data ya simu ghafla, uone kama intaneti inasimama mpaka VPN irudi au inaendelea kupita wazi. Kama inapita wazi tafuta swichi ya kukata intaneti VPN ikikatika, na kama hiyo swichi haipo omba urudishiwe hela yako.

Angalia pia ruhusa. VPN inayotaka majina ya simu yako au picha haina kazi nazo.

Hatua ya 9: Dai likiwa la uongo

Usiishie kulalamika na jirani yako wa siti. Ile picha ya hatua ya 1 ndo inafanya kazi hapa. Andika tarehe, laini au namba ya basi, maneno kamili ya dai, na sentensi mbili za kwa nini si kweli ukiambatanisha ukurasa wa masharti yao wenyewe unaosema tofauti. Uingereza unapeleka ASA, ni bure, na yeyote anaweza. Marekani unapeleka FTC kupitia ReportFraud.ftc.gov. Nchi nyingine tafuta mamlaka ya ushindani na walaji au ya ulinzi wa data.

Kumwandikia shirika la usafiri pia kunafaa ingawa mara nyingi nafasi zinauzwa na mkandarasi, mfano OUTFRONT kwa MTA, shirika la usafiri la New York, au Global kwa treni za chini za London. Jina la mkandarasi huwa limeandikwa kwa herufi ndogo kwenye fremu ya bango, kwahiyo unapopiga picha usikate fremu.